Wasanii Sitini na Mmoja wa Tapereira

Siku Kituo cha Roketi cha Ponta do Sururu kilipotangaza kwamba kimefungua milango yake kwa wasanii, Valdelice alikuwa akikaanga unga wa muhogo, na kwa kuwa unga ukiachwa dakika moja tu unaungua, hakugeuza hata shingo. Gari la matangazo lilipita mara tatu kwenye barabara nyekundu ya Kijiji cha Namba, likipaza sauti kwamba sayansi na utamaduni ni ndugu wa tumbo moja.

"Kama ni ndugu," alisema Valdelice huku akigeuza unga kwa upawa wake mrefu, "mbona mmoja kamjengea mwenzake uzio?"

Kijiji kile kilikuwa na jina zuri kwenye ramani ya serikali, lakini wenyewe walikiita Kijiji cha Namba kwa sababu nyumba zake zote zilifanana, rangi moja, mlango mmoja, namba juu ya mlango, na mlevi aliweza kulala kwa jirani mpaka asubuhi bila yeye wala jirani kujua. Miaka kumi na mmoja nyuma watu hawa walikaa Tapereira, kando ya bahari. Kisha ikagundulika na wataalamu kwamba katika nchi nzima ya Brazili, kubwa ilivyo, hakuna mahali panapofaa kurushia roketi kuliko pale pale wao walipokuwa wametandika vitanda vyao. Wakahamishiwa bara, mwendo wa kilomita ishirini, mahali ambapo samaki hufika kwa pikipiki akiwa keshachoka na safari.

Nyumba, bahari, mikorosho, yote hayo Valdelice alishayameza. Alichoshindwa kumeza ni makaburi. Mama yake, Dona Leocádia, alifariki mwaka mmoja kabla ya kuhamishwa, na alipokuwa akikata roho hakuomba padri wala maji. Alisema, "Valdelice, usiniache nikaota majani kama uwanja wa mtu mvivu." Huko Tapereira kila Siku ya Wafu, tarehe mbili Novemba, watu walikwenda makaburini na majembe, wakapalilia, wakawasha mishumaa, wakawasimulia marehemu habari za mwaka mzima: nani kaoa, nani kaachwa, nani anajidai. Tangu uzio ujengwe Valdelice alikuwa akiwasha mshumaa wake kando ya lami, chini ya nguzo ya zege, na kila mwaka mwanajeshi mmoja alikuja na ndoo ya mchanga akauzima, kwa sababu moto ni marufuku karibu na mafuta ya roketi. Alishaandika barua saba. Alishajibiwa mara saba kwamba eneo lile ni la hatari na halina watu.

Kwa hiyo aliposikia kwamba wasanii wanaruhusiwa kuingia, alimalizia unga wake, akaosha mikono, akaenda mkutanoni.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa shule. Aliyeuendesha alikuwa Dona Lorena Wanderley, mratibu wa utamaduni wa Kituo, mwanamke wa São Paulo mwenye hereni kubwa kama vifuniko vya sufuria na sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. Aliwaonyesha picha ukutani. Kijana mmoja alikaa Kituoni miezi mitatu akirekodi mvumo wa kiyoyozi. Mwanamke mmoja alifuma sweta la kuvisha tangi la mafuta, katika jua lile ambalo hata mbwa hutembea akitafuta kivuli. Mwingine alikuja kutafakari. Akatafakari, akala milo mitatu kwa siku, kisha akaondoka, na ikaelezwa kwamba kule kuondoka ndiyo kazi yenyewe.

"Na huyo alilipwa?" aliuliza Nazira.

Nazira alikuwa komadre wa Valdelice, maana yake kila mmoja alimbatizia mwenzake mtoto, na tangu siku hiyo walikuwa wakigombana kama mtu na dada yake.

"Alipewa posho ya ubunifu," alijibu Lorena.

"Ee Mungu. Mimi mume wangu aliondoka bure."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Lorena naye alicheka, akaandika neno kwenye daftari lake, huenda alifikiri ni shairi. Valdelice hakucheka. Alinyoosha mkono.

"Dona Lorena, msanii anaruhusiwa kufika mpaka wapi?"

"Kokote! Sanaa haina mipaka."

"Mpaka Tapereira?"

"Tapereira ndiyo wapi, mama?"

"Pale mlipo," alisema Valdelice.

Basi wakakaa wote watatu, Lorena, Valdelice na Nazira, kujaza fomu ya maombi. Valdelice alikuwa kiongozi wa wapiga ngoma wa sikukuu ya Roho Mtakatifu, wanawake peke yao, ngoma zilezile walizorithi kwa bibi zao, kwa hiyo jina la kundi halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mstari wa pili. Hapo Valdelice aliandika kwa mwandiko wake wa kusimama wima: *Tunataka kwenda kupalilia makaburi ya watu wetu.*

Lorena alisoma, akaweka mkono kifuani. "Maneno haya yana nguvu sana. Lakini kamati haitayaelewa. Tuseme hivi: *Mazungumzo kati ya mwili na udongo kwa njia ya chuma.*"

"Chuma gani?" aliuliza Nazira.

"Jembe."

"Sasa si useme jembe, mwanangu!"

"Kamati haipendi kuambiwa kila kitu, Dona Nazira. Inapenda kuhisi."

"Wakija nitawapa wapalilie. Watahisi mgongoni."

Valdelice alimkanyaga mguu chini ya meza. Kama kupalilia kungeitwa mazungumzo, na kuitwe. Hata wangetaka kuuita ukulima ule ngoma ya mizimu angetia saini, mradi apite getini na jembe lake. Mstari wa mwisho wa fomu ulitaka orodha ya wanakundi wote, majina kamili. Valdelice akafungua daftari la wapiga ngoma, lenye jalada la mpira mweusi, akanakili majina yote jinsi yalivyo, moja baada ya jingine, mpaka sitini na moja.

Hapa pana jambo la kuelezwa, maana Lorena hakuelezwa wala hakuuliza. Katika daftari lile jina la mpiga ngoma halifutwi. Akifa, ngoma yake anapewa binti au mpwa, lakini jina lake linabaki palepale kwenye mstari wake, kwa sababu wanawake wale hawaamini kwamba Roho Mtakatifu hupigiwa ngoma na walio hai peke yao. Kuandika orodha na kuruka marehemu ni kumtukana mtu mbele ya wajukuu zake. Hakuna mtu wa Tapereira ambaye angelifanya, na hakuna ambaye angefikiri kwamba kuna haja ya kueleza. Waliokuwa hai ni thelathini na tisa. Wale ishirini na wawili walikuwa wamezikwa Tapereira, wote, kwa sababu tangu kuhamishwa hakuna mpiga ngoma hata mmoja aliyekufa. Dona Eufrosina, mwenye miaka tisini na mmoja, alishapakwa mafuta ya mwisho na padri mara nne na mara zote nne akainuka akadai supu. Alikuwa amekataa katakata kuzikwa ugenini.

Kamati ilipenda maombi yale kupita kiasi. Barua ikaja yenye muhuri, ikisema kundi la wasanii sitini na mmoja limekubaliwa, tena litatumbuiza siku ya kurusha roketi, kwa sababu wageni wakubwa watakuja kutoka Brasília na wageni wakubwa hawatazami roketi bila utamaduni. Wasanii wangeingia saa mbili asubuhi, wangefanya mazungumzo yao na udongo, wangetoka saa sita. Roketi ingeruka saa tisa alasiri.

Asubuhi hiyo walifika getini kwa lori la mihogo, thelathini na tisa, wamevaa sketi zao za maua na kofia zao za mkeka, ngoma begani na majembe mkononi. Dona Eufrosina alibebwa na kiti chake. Getini alisimama Sajini Josimar, mtu wa miraba minne mwenye uso wa kuamini maandishi. Mbele yake palikuwa na kompyuta na sanduku la beji, kila beji na utepe wake wa kuvaa shingoni. Akaanza kuita.

Aliita mmoja, akaja. Aliita wa pili, akaja. Kisha akaita, "Honorata Pinheiro!" Kimya. "Benvinda Araújo!" Kimya. "Leocádia Pinheiro!"

Valdelice alisikia jina la mama yake likitoka kinywani mwa mwanajeshi, kwa sauti kubwa, mbele ya lile geti. Kwa miaka kumi na mmoja watu hawa walimwandikia kwamba ndani hamna watu, na sasa walikuwa wamemchapishia mama yake beji.

Sajini alipomaliza, beji ishirini na mbili zilikuwa zimebaki sandukuni. "Hawa wengine wako wapi, Dona?"

"Wako ndani," alisema Valdelice. Alisema hivyo kama mtu aliyeulizwa walipo watoto akajibu wako shuleni. Wala hakukusudia ujanja.

"Ndani wapi?"

"Huko Tapereira, Sajini. Wametangulia."

Sajini Josimar aliinamia kompyuta yake, akaandika kwa vidole viwili: ishirini na wawili, wako ndani, hawakupita getini. Akabonyeza. Taa nyekundu iliwaka juu ya geti, king'ora kikalia, na mahali fulani ndani ya jengo lenye vioo, saa iliyokuwa ikihesabu kurudi nyuma ikasimama.

"Komadre," Nazira alinong'ona, "umefanya nini?"

"Mimi? Nimejibu swali."

Haikupita robo saa akaja Kanali Amílcar Teles, mkuu wa Kituo, bado ana kitambaa cha mezani kifuani kwa kuwa aliitwa katikati ya kifungua kinywa cha wageni. Lorena alikuja nyuma yake akikimbia na viatu mkononi.

"Nani hawa ishirini na wawili?" alifoka Kanali. "Wamepenya wapi? Wameingia lini?"

"Wameingia kwa nyakati tofauti, Mheshimiwa," alisema Valdelice. "Dona Honorata, huyo ni kabla mimi sijazaliwa."

Kanali alimkodolea macho. Kitambaa kikamdondoka. "Mama, unaniambia hawa ni marehemu?"

"Ndiyo, baba."

"Umeniandikia maiti kwenye orodha ya wasanii?"

"Wapiga ngoma," alisema Valdelice. "Nilidhani mnajua. Na usiseme wameingia, Mheshimiwa, nimekosea mimi. Hawakuingia popote. Uzio ndio uliowakuta."

Kina mama nyuma yake waliguna wote kwa pamoja, mguno ule wa kanisani mahubiri yanapokolea. Kanali akamgeukia Sajini. "Futa hayo majina!"

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Kanuni ya usalama, kifungu cha kumi na nne: mtu aliyeripotiwa kuwa ndani ya eneo la hatari hafutwi mpaka ofisa amthibitishe kwa macho."

"Kwa macho! Umthibitishe maiti kwa macho!"

"Kanuni haisemi hai au maiti, Mheshimiwa. Inasema mtu."

"Halafu sitini na moja imeshaingia kwenye hotuba ya waziri," Lorena aliongeza, akihema. "Imechapishwa. Kuna na picha."

Kanali alitazama saa yake, akatazama barabara inayoelekea jukwaa la wageni, akatukana kimoyomoyo kwa namna iliyosomeka usoni. Kisha akasema haya, twendeni, huyu mama anionyeshe makaburi ishirini na mawili, Sajini atie vema, tumalize upuuzi huu.

"Mimi siwezi kukuonyesha yote," alisema Valdelice. "Mimi najua mstari wa kwetu. Kila mtu anajua wa kwao. Ukitaka wote, basi twende wote."

Hapo sasa alikuwa amekusudia. Wakaenda wote, thelathini na tisa na majembe yao, kwa mabasi mawili yenye viyoyozi yaliyokuwa yameandaliwa kwa ajili ya wageni, na Dona Eufrosina akawekwa kiti cha mbele, akamwamrisha dereva apunguze baridi.

Tapereira haikuwako tena. Palikuwa na barabara pana, mnara, na mitambo iliyofunikwa maturubai. Lakini mkorosho mmoja mkubwa uliachwa, na nyuma ya mkorosho, kwenye mwinuko unaotazama bahari, yalikuwapo makaburi, au yalipaswa kuwapo. Valdelice alishuka akakuta majani yanamfika kiunoni na hakuna msalaba hata mmoja uliosimama. Misalaba ilikuwa pembeni. Ilikuwa imechomekwa ardhini kwa duara, ile ya mbao ngumu ambayo wanaume wa Tapereira waliichonga na kuchora majina kwa patasi, yote imepakwa rangi ya fedha, imeinamishwa kuelekea angani kama mishale. Katikati ya duara alikaa kijana mwenye ndevu, vipokea sauti masikioni, kafumba macho. Waya mmoja ulitoka kwake ukazama ardhini.

"Huyu ni Thales Bittencourt," alisema Lorena kwa sauti ya chini. "Msanii wetu mkazi. Anarekodi ukimya."

Mbele ya duara palikuwa na kibao. Nazira alikisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama anavyosoma masomo ya Jumapili: "*Hapana Mtu. Mbao zilizookotwa, rangi ya fedha, upepo.*" Akainua kichwa. "Zimeokotwa? Nani alizidondosha?"

Thales alifumbua macho, akaona wanawake thelathini na tisa wenye majembe, na kwa mara ya kwanza tangu aje Tapereira akatoa vile vipokea sauti masikioni.

"Nilizikuta hapa," alisema. "Zilikuwa zimeachwa. Nilidhani hazina mwenyewe."

"Zina majina," alisema Valdelice. "Umepaka rangi juu ya majina. Ulipokuwa unapaka, hukuyaona?"

"Niliyaona. Niliyapenda sana. Yanaupa ubao... uhai."

Valdelice alimnyanyulia jembe. Alitaka kumpiga, na sisemi hivyo kwa kupamba hadithi, alitaka kumpiga kweli, na angempiga kama Nazira asingemshika mkono. "Muache, komadre," alisema Nazira. "Utamwua, halafu watamzika hapa na nafasi hatuna."

Kina mama hawakungoja ruhusa ya mtu. Waliingia majanini, kila mmoja akaelekea upande wa kwao, wakaanza kulima. Hawakuhitaji misalaba kujua nani kalala wapi: huyu yuko kichwani kwa mumewe, yule yuko hatua tatu kutoka kwenye jiwe, yule mwingine walimzika kisogo kwa jirani yake kwa kuwa hawakuwa wakisemezana. Valdelice alipalilia akielekea baharini mpaka jembe likagonga kioo. Akapiga magoti. Ilikuwa chupa iliyozikwa kichwa chini, na pembeni yake nyingine, na nyingine, zile chupa za kijani alizozipanga kwa mkono wake kuzunguka kaburi la mama yake. Alifukua majani kwa kucha, mzizi kwa mzizi. Alilia huku akipalilia, makamasi yakamchuruzika, na alikuwa akisema, "Samahani, mama. Samahani. Najua. Wamenizuia, mama." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo kati ya mwili na udongo, na Lorena, aliyeyaandika kwenye fomu, alishindwa kutazama akageukia upande wa mnara.

Sajini Josimar alipita na orodha yake. Kwenye kila msalaba alikwangua rangi ya fedha kwa ufunguo wa gari mpaka jina likatokea, akamuuliza mwenye marehemu alipo, akasogea akatazama udongo kwa macho yake mawili, akatia vema. Thales alilalamika mara moja tu kwamba kazi inaharibiwa. Sajini alimjibu bila kumtazama kwamba yeye naye hayumo kwenye orodha ya leo na ajiandae kujieleza.

Saa saba na nusu ishirini na wawili walikuwa wametimia. Kanali, aliyekuwa akizunguka na simu, alikuja na karatasi moja iliyochapwa na kalamu ya kupendeza.

"Dona Valdelice," alisema, na safari hii sauti ilikuwa asali, "weka saini hapa tumalize. Na mimi nakupa neno langu kama mwanajeshi. Siku ya Wafu, kila mwaka, geti litafunguliwa kwako na kwa familia yako. Siku nzima."

Hicho ndicho Valdelice alichokuwa akikiomba katika barua saba. Siku moja tu kwa mwaka. Alishika kalamu, na kwa kuwa ni mtu asiyetia saini asichokisoma, akasoma. *Mimi niliyetia saini hapa chini, kwa niaba ya kundi, nathibitisha kwamba eneo hili halina mtu.*

Alisoma mara mbili. Alitazama kaburi la mama yake, udongo umegeuzwa, mweusi, umependeza, na chupa zake zinang'aa. Kisha akamrudishia Kanali kalamu.

"Sitii saini."

"Mama, ni maneno ya ofisini tu hayo!"

"Ndiyo maana. Ya kwako ni neno, ya kwangu ni saini. Wewe mwakani utahamishwa uende kwingine, neno lako utaondoka nalo. Karatasi itabaki hapa, na itasema mama yangu hayupo."

"Roketi inaruka saa tisa! Kuna waziri pale amekaa juani! Nifanyeje mimi na watu ishirini na wawili? Kompyuta inawataka wawe kitu fulani!"

"Kinaitwaje hicho kitu?" aliuliza Valdelice.

Sajini Josimar alikohoa. Alisema fomu ya eneo ina visanduku vitatu. Wafanyakazi, hao si wafanyakazi. Wageni, hao hawakupita getini, hawawezi kuwa wageni. Cha tatu ni wakazi. Kilikuwa hakijatumika tangu Kituo kijengwe, lakini hakikufutwa.

"Basi weka huko," alisema Valdelice.

"Wakazi!" Kanali alicheka kicheko kibovu. Simu yake ililia. Aliipokea, akasikiliza, akasema ndiyo Mheshimiwa Waziri mara tano, akaizima. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo mzima. Alimnyang'anya Sajini orodha, akatia saini yake kwa hasira mpaka karatasi ikachanika pembeni. "Wakazi. Haya! Wakazi ishirini na wawili. Tumemaliza?"

"Karibu, Mheshimiwa," alisema Sajini. Alikuwa amefungua kitabu cha kanuni na alikuwa akifuata mistari kwa kidole. "Palipo na wakazi, ndugu zao wanaruhusiwa kuwatembelea, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, siku yoyote isiyo ya kurusha."

"Nani kaandika hiyo?"

"Kituo, Mheshimiwa. Na kuna kingine. Kabla ya kila roketi, mkazi ataarifiwa kwa mdomo, mmoja mmoja, mahali anapoishi, na ataombwa aondoke kwa muda."

Kanali alifumba macho. Kisha akapunga mkono kuonyesha kwamba aendelee, afanye anavyotaka, mradi afanye haraka.

Kwa hiyo Sajini Josimar alivua kofia, akasimama mbele ya kaburi la Dona Honorata, akasoma tangazo lote kutoka mwanzo: leo, saa tisa alasiri, roketi itarushwa, wakazi wanaombwa waondoke kwa muda kwa usalama wao. Akasogea kwa Dona Benvinda, akasoma tena. Hakuruka hata nukta. Alipofika kwa Dona Leocádia sauti ilikuwa imemkauka, na Valdelice alimpa maji kwenye kibuyu chake, akanywa, akasoma.

Alipomaliza wa ishirini na mbili alirudi kwa Valdelice, kalamu mkononi, kwa sababu palikuwa na mstari wa mwisho wa kujazwa. "Dona, lazima niulize. Wamekubali kuondoka kwa muda?"

Valdelice alijifuta udongo usoni kwa mkono wa blauzi.

"Waliokubali kuondoka kwa muda ni sisi, Sajini," alisema. "Hawa hawajawahi."